Ua Gani Litambae Juu ya Jiwe Letu?

Nyuma ya nyumba yetu hapa Katoro lipo jiwe moja kubwa la itale. Urefu wake ni hatua kumi na moja za mtu mzima. Upande wa kusini limesimama wima, na kimo chake chanipita kwa mkono mmoja. Lakini upande wa kaskazini lateremka polepole kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, hata mtoto aweza kulipanda bila kushika kitu. Marehemu baba alipopata kiwanja hiki, majirani walimcheka, wakasema sehemu nzuri imeliwa na jiwe. Yeye akawajibu kwamba nyumbani mwake midomo ni mingi, na jiwe hili angalau halina mdomo.

Nataka kuwasimulia jinsi tulivyochagua ua la kutambaa juu ya jiwe hilo. Mara ya kwanza nilichagua vibaya, na kosa langu likakaa nyumbani mwetu miezi mingi bila mimi kulijua, ingawa wengine wote walilijua.

Habari ilianza na mwezi wa Rozari. Oktoba 2022 jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa ikisali nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika, mama watoto alitoa sanamu ya Bikira Maria akaiweka katika tundu lililo upande wa kusini wa jiwe, usawa wa kifua. Tundu lile halikuchongwa na mtu, lakini sanamu ilikaa ndani yake kama yai katika kiota. Watu wakafurahi sana. Mzee mmoja wa jumuiya akasema, "Hapa pamekuwa Lourdes. Bado maua tu."

Neno lile likaniingia moyoni. Wengi wenu mnaijua habari ya Lourdes huko Ufaransa. Mwaka 1858, tangu tarehe 11 Februari mpaka tarehe 16 Julai, msichana Bernadette Soubirous, mwenye umri wa miaka 14, alitokewa na Bikira Maria mara 18 penye mwamba wa Massabielle. Katika tundu la mwamba ule palikuwa na mwaridi mwitu, na matawi yake yalitambaa chini ya miguu ya Bibi yule. Paroko wa Lourdes, Padri Peyramale, hakuwa mwepesi wa kusadiki. Alimwambia msichana amwombe Bibi aufanye mwaridi uchanue wakati wa baridi, iwe ishara. Mwaridi haukuchanua. Ila watu walikuwa wamekwisha kupata chemchemi, na maji yake yatoka hata leo.

Mimi sikungoja ishara. Nilichukua shilingi elfu tano nikaenda kwa muuza miche kando ya barabara kuu, nikarudi na bogenvilia ya rangi ya zambarau iliyonifikia kiunoni.

Ua hili mmeliona kwenye nyuzio za shule, za hospitali na za misioni nyingi. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 mtaalamu wa mimea, Mfaransa Philibert Commerson, alilikuta huko Rio de Janeiro alipokuwa katika safari ya nahodha Louis-Antoine de Bougainville ya kuuzunguka ulimwengu, na ndiyo maana ua likapewa jina la nahodha. Msaidizi wa Commerson alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa katika merikebu zile. Naye ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuuzunguka ulimwengu. Tena kile tukiitacho ua la bogenvilia si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kitu kidogo cheupe kilichojificha katikati.

Hayo yote niliyajua, kwa kuwa chuo cha ualimu kilinifundisha kupenda vitabu vya mimea, hata baada ya kuacha chaki na kushika madaftari ya ubatizo na ndoa katika ofisi ya parokia. Nisilolijua ni lile la nyuma ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikapanda mche mwezi wa Novemba, mvua zilipokolea, upande wa kaskazini penye mteremko. Nilifikiri hivi: hapa jiwe ni rahisi kupandika, basi ua litapanda lenyewe hata juu, kisha litashuka upande wa pili na kuizunguka sanamu. Nilijiona mwenye akili.

Sasa sharti niwaambie habari za mama. Mama yangu mzazi anakaa nasi tangu baba alipofariki. Ana ugonjwa uitwao presha ya macho. Jicho la kushoto limezimika kabisa, na la kulia laona mwanga na kivuli. Madaktari walitueleza kwamba ugonjwa huu ukisha kuondoa nuru ya jicho, nuru ile hairudi. Dawa huzuia kile kilichobaki kisipotee. Kwa hiyo kila jioni hutiwa matone, na mimi nami huenda kupimwa, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Mama ameacha shamba, ameacha sokoni, ameacha kuteka maji. Kazi moja tu hakuiacha, nayo ni kukausha viazi juu ya jiwe.

Wasomaji wa mbali pengine hawaijui michembe. Viazi vitamu vikisha kuvunwa, kama mwezi wa Juni, huachwa vinywee siku chache, kisha humenywa, hukatwa vipande vyembamba, na kuanikwa juani hata vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza kabla ya kukata na kuanika, hayo ni matobolwa, nayo huliwa hivyo hivyo na chai au maziwa ya mgando. Michembe hukaa ghalani miezi mingi. Mwezi wa Januari na Februari, shamba likiwa bado kijani na debe la mahindi limepanda bei, huchemshwa kwa karanga, na nyumba hulala imeshiba.

Mahali pa kuanika si mahali popote. Ukianika juu ya mkeka, jua huchoma juu tu, na chini hubaki unyevu. Usiku umande hurudisha nusu ya kazi. Jiwe la itale hushika joto mchana kutwa na kulitoa polepole jua likisha kutua, basi viazi hukauka juu na chini pamoja. Zaidi ya hayo kuku ni wachache wa kupanda juu, na vumbi la barabarani halifiki sana. Mama alikuwa akipanda jiwe kwa mteremko ule wa kaskazini, mkono mmoja wa kulia ukipapasa ukingo, hatua saba mpaka juu. Hahitaji macho huko. Huvigeuza viazi kwa kiganja, na sauti yake humwambia kila kitu: kibichi hakina sauti, kilichokauka hulia kama vigae. Nimemwona akikaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka alasiri, akiimba peke yake nyimbo za kanisani za zamani, nami nikiwa dirishani na kalamu yangu.

Basi, mahali pale pale anapopitisha mkono wake ndipo nilipopanda mmea wenye miiba.

Bogenvilia haina mikono ya kujishikia. Hupanda kwa kuegemea na kujikwaza kwa miiba yake, na miiba hiyo mingine ina urefu wa kifundo cha kidole. Miezi ya kwanza mche ulikuwa mdogo. Maji yote ya mvua yateremkayo juu ya jiwe yaliuangukia miguuni, ukanenepa kwa upesi. Hata mwezi wa Julai 2023 matawi yake yalikuwa yamelala juu ya mteremko wote, na mimi nikiwaonyesha wageni jinsi ulivyo na afya.

Mwaka ule ukapita. Januari 2024 mvua ilikuwa nyingi, nikarudi nyumbani jioni moja nimelowa na nina njaa. Nikamwuliza mama watoto, "Mbona msimu huu hatujaiona michembe?"

Akanyamaza kidogo, akifuta meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema, "Kamwulize mama."

Sikumwuliza usiku ule. Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni mwake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

Nikakaa juu ya kigoda, nikamwuliza habari za michembe. Akasema, bila hasira, "Jiwe lako lina miiba, baba."

Nikamwambia, "Tangu lini jiwe likawa langu, mama?"

"Tangu ulipolipandia ua."

Akanyosha kiganja cha kulia nikione. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu jeusi. Mwiba ulikuwa umekatikia ndani mwezi ule wa Julai, mkono ukamvimba wiki mbili, na mama watoto ndiye aliyeutoa kwa sindano. Mimi niliambiwa alijikata kwa kisu cha kumenyea. Nikamwuliza kwa nini hakunieleza. Akajibu, "Ulikuwa umefurahi. Tena ua lilikuwa la Mama Maria, nami ningesema nini?"

Ndugu wasomaji, kazi yangu ni kuandika habari za watu: nani amezaliwa, nani amebatizwa, nani ameoa, nani amezikwa. Naandika kwa uangalifu, na kosa la herufi moja hunisumbua. Na mama yangu aliacha kazi yake nyuma ya dirisha langu tangu Julai hata Januari, nyimbo zikakoma, nami sikusikia kwamba zimekoma.

Jumamosi iliyofuata niling'oa ule mmea. Ilinichukua saa nne na shoka, na mikono yangu ikapata haki yake. Sikuutupa, kwa kuwa mmea hauna kosa. Padri paroko alikubali tuupande penye uzio wa nyuma, mahali ambapo mbuzi na wezi wa maembe walikuwa wakipita, na huko miiba yake inafanya kazi njema mpaka sasa.

Jiwe likabaki tupu. Katika siku zile akapita kijana mmoja wa kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Huku kwetu Geita kila jiwe hutazamwa mara mbili: kwanza kama lina dhahabu, na likiwa halina, kama lafaa kwa kokoto. Akalizunguka, akaligonga, akaniambia, "Mwalimu, hapa pana pesa. Tunawasha moto juu yake siku mbili, tunalimwagia maji, linapasuka lenyewe." Na kweli, ndivyo itale linavyopasuliwa na watu wasio na baruti. Nikaenda kumweleza mama ili acheke. Hakucheka. Akasema, "Mwambie akapasue la mama yake."

Hapo ndipo nilipojua kwamba shauri la ua nalo si langu. Nikamwambia mama achague yeye, kwa kuwa mama watoto bado alitamani maua penye sanamu, na mimi pia. Mama akataka kwanza nimweleze kila ua lilivyo. Basi jioni kadhaa tukakaa juu ya jiwe, mimi nikifundisha somo la mimea kwa mwanafunzi mmoja mwenye miaka zaidi ya sabini, na mwanafunzi akiuliza maswali ambayo sikuulizwa na darasa lolote.

Mimea itambaayo, nilimwambia, haipandi kwa namna moja. Mingine hujisokota yenyewe, kama maharage kwenye mti. Mingine ina vikono vidogo vya kushikia, kama boga. Mingine hutoa mizizi inayonata juu ya jiwe lenyewe. Na mingine hujiegemeza kwa miiba. "Hiyo ya mwisho tumeimaliza," akasema mama.

Mimi nilipendelea ua moja la porini ambalo hakika mmeliona mvua zinapoanza: jekundu na manjano, petali zake zimegeukia juu kama ndimi za moto, na ncha za majani yake zimejikunja kuwa vikono. Wataalamu huliita Gloriosa superba. Ni ua la taifa la Zimbabwe, na kwa uzuri sijui lipi la kulishinda. Lakini mmea wote una sumu, na sumu kali zaidi ni ile ya kiazi chake. Sumu hiyo, kwa kipimo kidogo sana na kwa mkono wa daktari, ni dawa ya ugonjwa wa jongo. Mtu akila kiazi hicho kwa kudhani ni cha chakula, aweza kufa. Nilikuwa sijamaliza kusema hayo, mama akanikatiza: "Unataka kupanda kiazi cha sumu karibu na mahali ninapoanika viazi, nami sioni?" Sikuwa na jibu. Nawasihi ninyi nanyi, mlio na watoto wachimbao mizizi porini, waonyesheni ua hili wangali wadogo.

Mama watoto alitaka pasheni. Sababu yake ilikuwa ya dini. Jina la mmea huo linatokana na Mateso ya Bwana wetu, maana wamisionari wa kale huko Amerika ya Kusini walipoliona ua lake waliyasoma mateso ndani yake: nyuzi za duara ni taji la miiba, vichwa vitano vya poleni ni madonda matano, na vile vitatu vya katikati ni misumari mitatu. Walilitumia kufundishia katekisimu. Mama aliipenda sana habari hiyo, akataka nimsimulie mara mbili. Lakini akasema matunda yatawaita watoto wote wa mtaa, watapanda jiwe kwa vishindo juu ya viazi vyake, na lile litakaloanguka na kuoza atalikanyaga yeye. Pasheni tukaupanda penye uzio wa jikoni, na kila mmoja aliye mla matunda ameridhika.

Kuna ua la waridi hafifu litokalo Mexico, lenye vishada vingi, na muuza miche alilisifu kwamba ukame hauliui, kwa kuwa lina viazi chini ya ardhi. Ni kweli. Lakini nyuki hulipenda kupita kiasi, na huenea hata likashinda mimea mingine. Nilifikiri jumuiya imepiga magoti mbele ya sanamu na nyuki wamo ndani ya tundu, nikaliacha.

Mwishowe tukarudi kwenye kitu kilichokuwa karibu siku zote. Kandokando ya mashamba, mahali penye unyevunyevu, hujiotea mmea mwembamba wenye ua la rangi ya chungwa na katikati jicho jeusi. Wataalamu huuita Thunbergia alata, kwa kumkumbuka Carl Peter Thunberg, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Na hilo neno la pili maana yake ni "lenye mabawa", kwa sababu kikonyo cha jani kina ubawa kila upande. Kwao ni huku kwetu Afrika. Kutoka huku ulichukuliwa kwenda katika bustani za dunia nzima, na huko Australia na visiwa vya Pasifiki umegeuka kuwa magugu. Wazungu huununua dukani katika vikasha. Sisi huung'oa tukipalilia.

Mama akauliza: una miiba? Hauna. Una sumu? Mbuzi huula, nasi tumewaona. Unashika jiwe? Haushiki, hujisokota tu, basi utafuata njia ile tutakayouwekea na hautavuka wenyewe. Una uzito? Hauna. Akanyamaza, kisha akauliza ua lenyewe likoje, maana alipokuwa akiona hakuwahi kulitazama; lilikuwa gugu. Nikamweleza lile jicho jeusi. Akasema, "Na hilo nalo halioni." Tukacheka wote wawili mpaka mama watoto akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilikumbuka pia neno moja la Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Anasimulia kwamba Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka sehemu ya bustani ya watawa isiguswe kamwe, ili maua na majani ya porini yajiotee humo. Niliposoma mara ya kwanza nilifikiri ni neno la watawa.

Sasa habari ya kupanda, kwa yeyote mwenye jiwe. Msipande upande ulio rahisi, kama nilivyofanya. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa digrii tatu hivi. Miezi ya Juni na Julai, wakati wa ukavu, jua hupita upande wa kaskazini, basi uso wa kusini wa jiwe hupata kivuli chake wakati ule unapokihitaji. Mwezi wa Desemba jua huhamia kusini, lakini hapo mvua ipo. Kwa hiyo tulipanda upande wa kusini, chini ya sanamu, mbali na njia ya mama. Udongo wa hapo ni kichanga kile kiitwacho luseni, haushiki maji; tulichimba mashimo matatu ya kina cha goti, tukayajaza samadi iliyooza na udongo mweusi tulioutoa mbugani kwa baiskeli. Mvua ikinyesha, jiwe zima huwa kama paa la bati na mashimo ni mapipa yake.

Mbegu nilizichuma kando ya kijito. Ganda lake lina mdomo kama wa ndege. Tulizipanda mwezi wa Machi 2024, na nusu ya miche ya kwanza ililiwa na kuku kabla sijajenga kizuizi. Iliyobaki ilipofika kwenye jiwe, ncha zake ziliungua, kwa kuwa jiwe la adhuhuri ni kikaango. Ndipo tukafunga fito kavu kwa kamba za katani, zikae mbali na jiwe kwa upana wa kiganja, ili hewa ipite nyuma. Naomba mwangalie jambo hili: msitumie fito za minyaa. Ule utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kubwa, na katika nyumba kama yetu sikutaka hata kuukaribia. Kuanzia hapo mimea ikapanda. Mwishoni mwa Mei ua la kwanza likafunguka, na binti yetu mdogo akaja mbio kunieleza kwamba Bikira Maria ametazamwa.

Mwezi wa Juni mama alirudi juu ya jiwe. Nilikuwa nimeufagia mteremko na kuupapasa wote kwa viganja vyangu, maana miiba mikavu hukaa muda mrefu. Alipanda hatua zake saba. Siku ya pili nilimsikia akiimba.

Siwezi kuwaficha kwamba ua hili si la msimu wote. Agosti likaanza kunyong'onyea, Septemba likakauka, isipokuwa shina moja lililokuwa karibu na mahali tumwagapo maji ya kuoshea vyombo. Mama watoto alitaka tuling'oe. Na Oktoba ilipofika, mwezi wenyewe wa Rozari, jumuiya ikaja na kukuta sanamu imezungukwa na vijiti vikavu na maua matatu. Yule mzee wa Lourdes akanitazama. "Maua yako wapi, karani?"

Kabla sijajibu, mama alikuwa ameanza kugawa sahani za michembe iliyochemshwa kwa karanga, akipapasa mabega ya watu ili ajue nani hajapata. Mzee akapokea yake, akala, akaomba nyingine.

Mvua za Novemba zilipokuja, mashina yakachipua kutoka chini, na kufikia Januari uso wote wa kusini ulikuwa rangi ya chungwa. Mwaka 2025 umepanda zaidi, na vikonyo vingine vimefika ukingo wa juu vikitaka kuingia kwenye uwanja wa viazi. Kila asubuhi mama hupitisha mkono ukingoni. Kile kilichovuka hukikata kwa ukucha na kuwatupia mbuzi.